Mikono mingi, panya na ulimi wa Kali: jinsi ya kuzisoma sanamu za miungu ya Kihindu

SWALI: Mimi ni mwalimu wa historia katika shule moja ya sekondari mkoani Tanga. Katika duka la jirani yetu Mhindu imetundikwa picha ya Ganesha, na karibu na miguu yake yupo panya. Nilimwuliza mwenye duka maana ya panya huyo, akanijibu kwamba ni tamaa ya mwanadamu, ambayo mungu ameikalia ili kuidhibiti. Mama yake mzee, aliyekuwa ameketi kando, alimkatiza akasema kuwa panya ni kipando cha Ganesha, basi. Siku nyingine rafiki yao aliniambia kwamba panya hupenya penye kizuizi chochote, ndiyo sababu amepewa mungu wa kuondoa vizuizi. Ni nani kati yao aliye sahihi? Na je, mikono mingi, silaha, maua na wanyama tunaowaona katika picha hizi vina maana iliyokwisha kuwekwa, au kila muumini hujitungia yake?

JIBU: Mwalimu, wote watatu wamekujibu vyema, ila hawakujibu swali moja. Mama mzee alikueleza nafasi ya panya katika hadithi na katika kanuni za uchongaji. Mwanawe alikueleza funzo ambalo muumini hulipata kwa ajili ya nafsi yake. Na rafiki yao alitafuta sababu inayomuunganisha mnyama na kazi ya mungu anayembeba. Ngazi hizi tatu zimekuwapo katika dini ya Kihindu kwa karne nyingi, na aghalabu mtu mmoja huzishika zote pamoja bila kuona mgongano wowote. Mkanganyiko huanza pale zinapochanganywa, kisha ikatolewa orodha isemayo kwamba masikio makubwa ni kusikiliza sana, macho madogo ni kuwa makini, na tumbo kubwa ni kuyameza mema na mabaya ya dunia, kana kwamba ndivyo mchongaji wa kwanza alivyokusudia. Orodha za namna hiyo hazina ubaya kwa mafundisho ya watoto, lakini haifai kuzichukua kuwa ndiyo asili ya sanamu.

Nianze na kazi ya msingi kabisa ya alama hizi, ambayo ni kumtambulisha mungu. Mfano ulio wazi kuliko yote ni Vishnu. Mikononi mwake, ambayo kwa kawaida ni minne, hushika gamba la konokono wa baharini linalopulizwa kama baragumu, gurudumu lenye makali liitwalo Sudarshana, rungu, na ua la yungiyungi. Vitu vinne katika mikono minne vinaweza kupangwa kwa namna 24 tofauti, na wanazuoni wa Kihindu walizipa namna zote hizo majina: Keshava, Narayana, Madhava, Govinda na mengine, majina yale yale ambayo Brahmani, mtu wa tabaka la makuhani, huyataja katika ibada yake ya kila siku. Mchongaji akihamisha rungu kutoka mkono mmoja hadi mwingine na kuweka yungiyungi mahali pake, amekwisha kuchonga umbo jingine lenye jina jingine. Hapa hakuna nafasi ya kujitungia. Ukitaka kujua ni Vishnu gani aliye mbele yako, unaanzia mkono wa kulia wa chini, unapanda, unavuka kwenda kushoto, kisha unashuka, ukisoma kitu kimoja baada ya kingine.

Kanuni za aina hii ziliandikwa mapema. Varahamihira, mwanazuoni wa nyota wa karne ya 6, aliweka katika kitabu chake Brihat Samhita sura nzima ya vipimo vya sanamu: urefu wa uso, upana wa mabega, idadi ya mikono na vitu vya kushikwa. Miaka mia tano hivi baadaye, al-Biruni, mwanachuoni Mwislamu kutoka Khwarazm aliyejifunza Kisanskriti na kuandika kwa Kiarabu kitabu kikubwa juu ya India mnamo mwaka 1030, alizinukuu kanuni hizo za Varahamihira kwa utulivu wa mtu anayeandika ili aelewe. Msomaji wa pwani yetu atanufaika akimsoma. Hata hivyo, al-Biruni alihitimisha kwamba sanamu ni kwa ajili ya watu wa kawaida wasio na elimu, na kwamba wenye elimu humwelekea Mungu mmoja bila kuhitaji umbo lolote. Hilo, kwa maoni yangu, ni nusu ya habari. Katika miaka ileile aliyokuwa akiandika, kusini mwa India ilikuwa inainuka shule ya Wavaishnava, yaani wamwabuduo Vishnu, ambayo baadaye Ramanuja, mmoja wa wanafalsafa wakubwa wa nchi hiyo, aliiongoza kutoka hekalu la Srirangam. Na shule hiyo ilifundisha kwamba Mungu mwenyewe, kwa rehema yake, hushuka akakaa ndani ya sanamu ili awe karibu na kila anayemhitaji, msomi na asiye msomi. Nitalirudia jambo hili, kwa kuwa linagusa kiini cha swali lako.

Kuhusu mikono mingi, ni vyema ujue kwamba haikuwapo tangu mwanzo. Ibada ya zama za Veda, maandiko ya kale kabisa ya Kihindu, haikuwa na hekalu wala sanamu. Ilikuwa ibada ya moto na nyimbo, na wingi wa viungo ulikuwa katika maneno tu, kama ule wimbo wa Rig Veda unaomtaja Purusha mwenye vichwa elfu, macho elfu na miguu elfu. Sanamu za mawe zenye mikono minne au zaidi zinaanza kuonekana kwa wingi katika karne za kwanza baada ya Kristo, hasa katika mji wa Mathura, kaskazini mwa India, na tangu hapo zikaenea. Mantiki yake si ngumu. Mshairi anaweza kusema kwamba mungu anaumba, kisha analinda, kisha anaharibu. Mchongaji hana neno "kisha". Ana jiwe moja na dakika moja tu ya kuonyesha. Kwa hiyo kila tendo hupewa mkono wake, na mtazamaji huyaona yote kwa wakati mmoja.

Lakini mara nyingine mikono ni kumbukumbu ya hadithi zaidi kuliko kielelezo cha fikra, na Durga ndiye mfano wangu. Habari yake kuu imo katika Devi Mahatmya, sehemu ya Markandeya Purana (Purana ni vitabu vya kale vya hadithi za miungu), inayodhaniwa kuwa ya karne ya 6 hivi. Mahisha, pepo mwenye umbo la nyati, aliwashinda miungu na kuifukuza mbinguni. Hasira ya miungu yote ikatoka miilini mwao ikiwa nuru, na nuru hiyo ikakusanyika ikawa mwanamke mmoja. Shiva akampa mkuki wa ncha tatu uliotolewa katika mkuki wake, Vishnu akampa gurudumu, Varuna gamba la kupuliza, Agni mkuki, Vayu upinde na mishale, Indra radi pamoja na kengele ya tembo wake, na mlima Himalaya ukampa simba wa kumpanda. Ukiijua hadithi hii, huhitaji mtu akufasirie kila silaha: mikono ya Durga ni orodha ya wale walioshindwa kila mmoja kwa nafsi yake. Wapo waandishi wanaokazana kusema kwamba upinde ni nia, mshale ni nguvu, na upanga ni maarifa. Mimi naona hadithi yenyewe imekwisha kusema jambo zito kuliko hayo, kwa sababu uwezo uliotawanyika kwa miungu ya kiume unatajwa pale kuwa, kwa asili yake, ni wa Mama mmoja.

Idadi ya mikono ya Durga haikushikiliwa sana. Kitabu kinasema mikono elfu iliyojaza pande zote, jambo ambalo hakuna mchongaji aliyeliweza, basi utaona mikono 8, 10 au 18 kufuatana na mahali. Katika mwamba uliochongwa Mamallapuram, karibu na Chennai, katika karne ya 7, ana mikono 8, amepanda simba, na Mahisha ni mwanamume mwenye kichwa cha nyati anayerudi nyuma akiwa bado na rungu lake. Katika sanamu za udongo za Kolkata, ambako sikukuu ya Durga Puja iliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi usioshikika mwaka 2021, ana mikono 10 na pepo anatoka katika mzoga wa nyati huku mkuki umemchoma kifuani. Yule wa Mamallapuram yumo vitani; huyu wa Bengal amekwisha kushinda. Wote wawili ni Durga, na hakuna anayelalamika.

Sasa nije kwa Shiva acheziye ngoma, Nataraja, ambaye ndiye sanamu ya Kihindu inayojulikana zaidi duniani na ndiye anayetupa ushahidi bora kwamba tafsiri ya kiroho si jambo la juzi. Umbo hili lilikomaa katika nchi ya Watamil chini ya wafalme wa Chola, na malkia Sembiyan Mahadevi, aliyejenga mahekalu mengi mwishoni mwa karne ya 10, anahesabiwa miongoni mwa waliolieneza. Makao yake makuu ni hekalu la Chidambaram. Mkono wa kulia wa juu umeshika ngoma ndogo yenye kiuno chembamba. Wa kushoto wa juu umebeba mwali wa moto. Wa kulia wa chini umeinua kiganja kuashiria "usiogope". Na wa kushoto wa chini, uliopitishwa mbele ya kifua kama mkonga wa tembo, unaelekeza kwenye mguu ulioinuliwa. Mguu wa pili unamkanyaga mtu mfupi aitwaye Apasmara. Katika nywele zilizotawanyika kwa mwendo wa kucheza umo mto Ganga, uliochorwa kama mwanamke mdogo, pamoja na mwezi mwandamo, na kuzunguka yote ipo duara ya ndimi za moto. Ukitazama masikio utaona kipuli cha kiume upande mmoja na cha kike upande wa pili, maana mke wake, Parvati, ni nusu ya mwili wake.

Maana ya vitu hivi iliandikwa na Watamil wenyewe. Unmai Vilakkam, kitabu kidogo cha karne ya 13 cha shule ya Shaiva Siddhanta, yaani ya wamwabuduo Shiva, kinaeleza kwamba uumbaji hutoka katika ngoma, ulinzi hutoka katika kiganja kilichoinuliwa, uharibifu hutoka katika moto, kufichwa kwa ukweli hutoka katika mguu uliokanyaga chini, na wokovu hutoka katika mguu ulioinuka. Hayo ndiyo matendo matano ya Shiva kwa mujibu wa shule hiyo. Zingatia la nne. Sisi tungetarajia mungu afichue. Hapa anaficha pia, kwa kuwa roho hushughulishwa na dunia hadi matendo yake yaive, ndipo ifunguliwe macho. Apasmara, basi, ni ujinga na usahaulifu wa roho juu ya asili yake, na ukimtazama vizuri utaona kwamba hajafa. Amekanyagwa, lakini ameinua kichwa. Wapo wanaoeleza kwamba akiuawa hakutakuwa tena na haja ya kutafuta maarifa.

Tafsiri hii ilifika kwa wasomaji wa Ulaya na Marekani hasa kupitia Ananda Coomaraswamy, mtaalamu wa sanaa mzaliwa wa Sri Lanka, ambaye kitabu chake chenye insha mashuhuri juu ya ngoma ya Shiva kilichapishwa mwaka 1918. Kuanzia miaka ya 1970 ilizuka tafsiri mpya kabisa iliyoilinganisha ngoma hiyo na mwendo wa chembe ndogo za maada, na mwaka 2004 serikali ya India ilitoa zawadi ya sanamu ya Nataraja yenye urefu wa mita 2 kwa maabara ya fizikia ya CERN, karibu na Geneva. Tafsiri hiyo ni nzuri kama shairi, lakini mwanafunzi wako asije akaandika kwenye mtihani kwamba Wachola walijua fizikia ya chembe. Kuna jambo jingine ambalo makumbusho hayatuonyeshi. Sanamu hizi za shaba zilitengenezwa zitolewe nje ya hekalu siku za sikukuu. Ndiyo maana kitako chake kina matundu na pete za kupitishia miti ya kubebea. Zikitolewa huvishwa hariri, vito na mashada ya maua mpaka mikono, ngoma na Apasmara karibu vyote vinafunikwa. Anayesukumana njiani apate kumwona Nataraja akipita huona uso, kiganja kidogo, na maua mengi, naye hurudi nyumbani ameridhika.

Turudi sasa kwa Ganesha, maana ndiye aliyekuletea swali. Habari ya kichwa chake katika Shiva Purana ni hii: Parvati alimwumba mwana kutokana na taka za mwili wake mwenyewe, akamweka mlangoni alinde wakati yeye anaoga, Shiva akarudi, akazuiwa na mtoto asiyemjua, ukatokea ugomvi na kichwa cha mtoto kikakatwa, mama akaghadhibika, na ili kumtuliza, kichwa cha tembo kikaletwa kikaunganishwa na mwili. Tangu hapo yeye ni mlinzi wa milango na mianzo: huombwa kabla ya ndoa, safari, mtihani na kufungua biashara. Watu husema huondoa vizuizi, lakini jina lake la Vighneshvara lamfanya bwana wa vizuizi, yaani anaweza kuviweka kama anavyoweza kuviondoa. Vitabu vya kale vya ibada za nyumbani vinataja Vinayaka wanne waliokuwa pepo wasumbufu, wakiwatia watu ndoto mbaya na kuwafanya wafanyabiashara wapate hasara, hadi watulizwe kwa matambiko. Watafiti wengi wanaona huko kuwa ndiko ilikoanzia sehemu moja ya historia ya mungu huyu mpole tunayemwona leo akila modaka, yale maandazi ya unga wa mchele yaliyojazwa nazi na sukari guru.

Pembe yake moja imevunjika, na kuna angalau hadithi tatu za kuvunjika kwake. Moja husema ilikatwa na shoka la Parashurama alipozuiwa kuingia kwa Shiva. Nyingine, kwamba aliivunja mwenyewe aitumie kama kalamu alipokuwa akiandika Mahabharata, utenzi mkuu wa vita, kwa imla ya mwenye hekima Vyasa. Na ya tatu, kwamba aliurushia mwezi uliomcheka alipoanguka kutoka kwenye kipando chake. Hapo unaona jinsi mambo yanavyokwenda: alama imesimama mahali pake, pembe imevunjika na huenda ameishika mkononi, ila sababu zake zinahama.

Panya naye ana historia. Sanamu nyingi za mwanzo za Ganesha hazina panya kabisa, na Mudgala Purana, kitabu cha wafuasi wake, humpa vipando mbalimbali: katika maumbo yake manane hupanda panya mara tano, simba mara moja, tausi mara moja, na nyoka Shesha mara moja. Katika Ganesha Purana panya alikuwa kiumbe wa mbinguni aliyelaaniwa akawa panya mharibifu, kisha Ganesha akamtiisha akampanda. Hivyo mama mzee ana hoja. Lakini usimpuuze mwanawe kwa kudhani kwamba ametoa "tamaa" kwenye hotuba ya juzi. Katika Mudgala Purana hiyohiyo, kila moja ya maumbo manane hupigana na pepo mmoja, na mapepo hayo yanaitwa Wivu, Ulevi, Upumbazo, Uchoyo, Hasira, Ashiki, Umimi na Majivuno. Vita vya nje vimegeuzwa kuwa vita vya ndani na waandishi wenyewe, karne nyingi kabla ya kuwapo picha za ukutani. Mwenye duka hakutaja kitabu, na pengine hakijui, ila amesimama katika njia iliyokwisha kukanyagwa. Ufafanuzi wa rafiki yao kuhusu panya kupenya ni wa kubahatisha zaidi, ingawa unatolewa na waandishi wengi na hauvunji kanuni yoyote.

Penye mgongano wa kweli ni kwa Kali, na hapo ndipo ningekusihi uwe mwangalifu darasani, kwa sababu wageni humtazama wakaona shetani. Katika Devi Mahatmya anatoka katika paji la uso la mungu wa kike lililosawijika kwa hasira vitani. Baadaye anakabiliwa na Raktabija, adui ambaye kila tone la damu yake likigusa ardhi huzaa Raktabija mwingine. Kali akatandaza ulimi wake akainywa damu yote kabla haijafika chini. Huo ndio ulimi wa vitabuni. Nenda Bengal, hata hivyo, na watu wengi watakueleza kwamba ulimi umetoka kwa haya: Kali alicheza ngoma ya ushindi hadi dunia ikatetemeka, Shiva, mumewe, akalala njiani amzuie, naye alipogundua kwamba amemkanyaga mume aliung'ata ulimi kama wafanyavyo wanawake wa huko wakiona aibu. Wafuasi wa Tantra, njia ya ibada inayomtukuza Mama kuwa ndiye uwezo wote, hawaikubali sana hadithi hii ya aibu, maana inamrudisha Mama chini ya mumewe. Kwao Shiva aliyelala ni utambuzi mtupu usiotenda, na Kali aliyesimama juu yake ni uwezo ambao bila huo Shiva ni maiti.

Mikono yake minne imepangwa kwa makusudi. Ya kushoto ina upanga na kichwa kilichokatwa. Ya kulia, ambayo watazamaji wengi hawaioni kwa kushtushwa na ya kushoto, inaashiria "usiogope" na kutoa baraka. Mkufu wake wa vichwa husemwa kuwa na vichwa 50, idadi ya herufi za Kisanskriti, kwa hiyo amejivika sauti zote ambazo ulimwengu unatajwa kwazo. Weusi wake hufasiriwa kuwa ni ule ambao rangi zote hutoweka ndani yake. Ramakrishna, aliyekuwa kuhani wa hekalu lake la Dakshineswar karibu na Kolkata katika karne ya 19, alimwita mama na kumlilia kama mtoto. Kama wanafunzi wako watashindwa kuelewa jinsi umbo hilo linavyoweza kupendwa, waambie watazame mikono ya kulia kwanza.

Kwa Lakshmi na Saraswati sina mengi, kwa kuwa alama zao hazina ubishi. Lakshmi, mungu wa neema na mali, huketi juu ya yungiyungi huku tembo wawili wakimmiminia maji, ishara ya mvua na ustawi wa nchi. Huko Bengal kipando chake ni bundi, ndege ambaye kwetu angefukuzwa darini usiku uleule. Saraswati ana kinanda cha veena, kitabu na tasbihi, na kando yake bata bukini au tausi. Sura zao tulizozizoea, za wanawake warembo waliovaa sari, zilienezwa na mchoraji Raja Ravi Varma, aliyeanzisha kiwanda cha uchapaji cha picha za rangi mwaka 1894 huko Bombay. Kalenda za ukutani zilizosafiri hadi maduka ya Tanga, Mombasa na Zanzibar ni za ukoo huo. Wafanyabiashara wa Kigujarati wa Afrika Mashariki walikuja pia na desturi ya kuvibariki vitabu vipya vya hesabu siku ya Diwali, sikukuu ya taa, mbele ya Lakshmi na Ganesha, na pengine ndiyo sababu ukaikuta picha hiyo juu ya kaunta.

Je, wote hawa ni miungu mbalimbali? Katika Brihadaranyaka Upanishad, andiko la kale la falsafa, mwenye hekima Yajnavalkya anaulizwa idadi ya miungu, naye anaanza na elfu tatu na ushei. Anaulizwa tena, anasema 33. Anaulizwa tena, anasema 6. Kisha 3, kisha 2, kisha mmoja na nusu, na mwishowe mmoja. Wafuasi wa mwanafalsafa Shankara watakuambia kwamba maumbo yote ni ngazi za kufikia hakika moja isiyo na umbo. Mvaishnava atakuambia huyo mmoja ndiye Vishnu, naye ana umbo. Mfuasi wa Mama atakuambia ni Mama. Ndiyo maana, mbele ya sanamu ileile, maana hutegemea mwenye kuulizwa ni wa shule gani.

Niliahidi kurudi kwa Ramanuja. Sisi watafiti tumezoea kusema "hii ni alama ya kile", lakini waumini wengi hawaoni alama, wanamwona mungu mwenyewe aliyepo. Sanamu mpya huwekwa wakfu kwa ibada ya kuitia uhai, na katika mahekalu mengi macho yake hufunguliwa mwisho, mbele ya kioo, kwa kuwa mtazamo wa kwanza unahesabiwa kuwa na nguvu kupita kiasi. Baada ya hapo huamshwa asubuhi, huogeshwa, huvishwa, hupewa chakula na hulazwa. Mtu huenda hekaluni kwa ajili ya darshan, yaani kumwona mungu na kuonwa naye. Ushahidi wangu mkubwa ni Jagannath wa Puri, pwani ya mashariki ya India. Sanamu yake ni ya mbao, macho ya duara makubwa mno, mikono vigutu, miguu hakuna. Kwa kanuni zile za Varahamihira haina hata kipimo kimoja kilichotimia. Hata hivyo ni miongoni mwa sanamu zinazoheshimiwa kuliko zote nchini humo, na inapozeeka huchongwa nyingine, kama ilivyofanyika mwaka 1996 na 2015, na makuhani waliofungwa macho huhamisha usiku kile kitu cha siri kilichomo ndani ya ile ya kale kwenda ndani ya mpya. Hapo nadharia ya alama inafika mwisho wake.

Si Wahindu wote wanaokubaliana na haya. Dayananda Saraswati, aliyeanzisha jumuiya ya marekebisho ya dini iitwayo Arya Samaj huko Bombay mwaka 1875, alipinga sanamu kabisa na kudai kurejea kwenye moto na nyimbo za Veda. Jumuiya yake ina matawi ya muda mrefu Afrika Mashariki, Nairobi ikiwemo, na ukiingia katika ukumbi wao hutamwona Ganesha wala panya, bali tanuri dogo la sadaka ya moto. Ukiuliza mtu wa jumuiya hiyo maana ya mikono minne ya Vishnu, huenda akakujibu kwamba hilo si swali lake.

Kwa somo lako ningeshauri uanze na Vishnu, kwa sababu wanafunzi wanaweza kuzihesabu zile namna 24 ubaoni wakaona kwamba kanuni ipo. Ufuate Durga kwa hadithi, Nataraja kwa fikra, na Kali awe wa mwisho, wakishajua kuuliza hadithi na shule kabla ya maana. Ukipanga kuwapeleka hekaluni, tuma habari mapema, waandae kuvua viatu, na uulize kwanza saa za darshan: mahekalu mengi hufunga pazia kuanzia adhuhuri hadi alasiri, wakati ambapo mungu amekwisha kula na anapumzika, na kundi linalofika saa hizo hukuta pazia tu.